Nilivyomkimbia Mkwe Bagamoyo

Mlioniacha Jumamosi iliyopita nimejibanza nyuma ya pipa la maji, mguu mmoja ndani ya beseni la pweza wa watu, pumueni. Nilitoka salama. Pweza hakunidai kitu.

Kwa aliyelikosa gazeti: jina langu Tupokigwe, mwalimu wa Kiswahili, Iringa. Nina cheti na nina ulimi. Nimeposwa na Isakwisa, karani wa Mbeya, mwana wa Mzee Mwangomo wa Rungwe. Ng'ombe walikwisha fika kwa baba yangu. Kisha mshenga akaja na neno kutoka kwa huyo mzee: nikiolewa, chaki chini, jembe juu.

Nikakonda. Rafiki yangu Severina, mwalimu mwenzangu, Mhehe asiyeogopa mtu, akanikokota likizo hii mpaka Bagamoyo nikaione bahari nisahau. Na asubuhi yetu ya kwanza, lori la wakulima wa kahawa wa Rungwe likasimama mbele ya hoteli ya chai. Walikuwa wameletwa pwani kutembezwa. Mkwe wangu alikuwa mmoja wao. Hapo ndipo nilipoingia kwenye beseni.

Msomaji wa Tanga najua unacheka. Unasema, mkwe ndiyo nini, si umwamkie tu upite?

Ndugu yangu, kwetu Unyakyusani mwali aliyeposwa hamtazami baba mkwe, na baba mkwe hamtazami mwali. Akija njiani, unaingia migombani. Hukai naye chini ya paa moja. Jina lake halipiti mdomoni mwako, wala neno lolote linalofanana na jina lake. Desturi hiyo huitwa ingamwana. Wachungaji wameihubiri mpaka sauti zimewakauka, na wazee wa Kanisa ndio wanaoishika kwa mikono miwili.

Sasa pimeni mzigo wangu. Mkwe ni Mwangomo. Basi mimi siwezi kutamka ngoma. Siwezi kutamka ngome. Hapa nayaandika kwa sababu uliofungwa ni ulimi, mkono haukutajwa. Nilipouliza kuhusu ng'ombe, shangazi alifikiri sana, akasema ruksa.

Na likizo nimekuja mji gani? Mji ambao kitu cha kwanza wanachokuonyesha ni ngome, na cha pili ni ngoma.

Sura ya mkwe sikuijua. Mimi nimekulia Iringa, posa ilipelekwa na mshenga, na tangu ilipopokewa nimekuwa mtu wa kujificha. Nilichokuwa nacho ni maneno ya Isakwisa tu: "Baba yangu ni mtu mkubwa sana kule kwetu."

"Yule pale," Severina alininong'oneza juu ya pipa. "Yule mrefu, mwenye kofia ngumu nyeupe. Wameita 'Mzee Mwangomo', na yeye ndiye aliyegeuka."

"Una hakika?"

"Tazama urefu ule. Isakwisa si alisema ni mkubwa?"

Mimi mwalimu wa Kiswahili, ninayewapigia watoto kelele kila siku wapime neno kabla ya kulimeza, nikalimeza lile "mkubwa" zima zima.

Tukarudi mbio nyumbani tulikopanga. Mwenye nyumba, bibi mmoja mcheshi mwenye hina mpaka viwikoni, alitusikiliza huku akipepeta mchele.

"Kwa hiyo baba wa mume ni kama polisi," akasema.

"Zaidi, bibi. Polisi unaruhusiwa kumtazama."

Akaingia ndani, akatoka na buibui lake. "Vaa hili. Lakini usitembee kama unayepanda mlima. Hapa hakuna mlima, mwanangu. Punguza hatua."

Severina alikaa chini kwa kicheko. "Mtoto wa Kilutheri amekwisha. Nakuona usoni kidogo tu, dada, na hapo hapo ndipo ninapokutambua. Funika na pua."

"Wewe kazi yako ni moja," nikamwambia. "Ifuate ile kofia. Inakokwenda, nenda. Ikija upande wangu, nitangulie uniambie."

"Na sisi Wahehe tukikutana na mkwe tunamwamkia tu," akasema, akitoka. "Tena tunaombwa tukae."

Nikaingia mjini nikiwa mweusi tii toka utosini mpaka vifundoni, na moyo mwepesi kama unyoya. Hakuna anayenijua. Hakuna anayeniuliza. Nikapita milango ya nakshi nikaigusa mmoja mmoja. Nikasimama mbele ya boma la Mjerumani, madirisha yake yamepangwa kama meno, nikasema moyoni, Tupokigwe, umefika.

"Binti, samahani. Wewe mwenyeji ya hapa?"

Nikageuka. Mzee mfupi, kimo cha bega langu, amevaa sweta nzito ya sufu katika jua lile, viatu mkononi, jasho linamtiririka hadi kidevuni. Kiswahili chake kilinukia migomba. Mtu wa Rungwe, hakuna ubishi.

Kama ningesema mimi Mnyakyusa mwenzake, angenipeleka kwa wenzake wote, na kofia nyeupe ikiwemo. Lakini niseme kweli yote: si woga peke yake ulionisukuma. Tangu chuoni wanafunzi wa pwani wametucheka sisi wa bara kwa kila ngeli tuliyoikosea. Na leo mtu ananitazama na kunifikiria mzaliwa wa Bagamoyo. Ulimi wangu ulinenepa.

"Mwenyeji hasa, mzee wangu," nikasema. "Nimezaliwa mtaa wa pili kutoka hapa. Umepotea?"

"Sikupotea. Nimewakimbia. Yule mwenye kofia nyeupe anatuongoza kama anakimbiza ndama. Ona hii, haya twende. Ona ile, haya twende. Sasa wamekwenda kwa mapadri kuona mnara. Mimi nataka kuona kitu moja, nikitazame mpaka nishibe."

Mkwe yuko kwa mapadri. Nilitaka kumkumbatia.

"Basi leo mimi nitakutembeza," nikasema. "Kwa nafasi."

Akacheka meno yote. "Ndaga, mwanangu." Kisha akakumbuka. "Kwetu hiyo ni kusema asante."

"Lo, kumbe," nikasema, mimi niliyejifunza neno hilo kabla ya kutembea.

Tukaanza na boma. Akaupiga ukuta kwa kiganja, kama mtu anayepima ng'ombe mnadani.

"Mimi nilibeba tofali ya boma la Tukuyu, kichwani, nikiwa mtoto. Mjelumani mwenyewe alisimama na mjeledi. Nikasema siku moja nitaona nyumba yao ya kwanza. Hii alibeba nani?"

Sikujua. "Mawe haya yalitolewa baharini, mzee."

"Binti, mimi ni mzee, si mjinga."

Jioni bibi mwenye nyumba aliniambia ni kweli, ni matumbawe. Mchana ule nilikuwa nimebuni tu.

Tukashuka pwani. Hapo mzee akasimama, viatu vikamponyoka.

"Ng'ambo iko wapi?"

"Haina."

"Kila maji ina ng'ambo. Ziwa letu kule Matema unaona milima inakutazama. Hii inakwenda mpaka wapi?"

"Mpaka Bara Hindi."

Akafikiri. "Basi Bara Hindi ndiyo ng'ambo. Ungesema."

Akachota kwa kiganja, akanywa kabla sijamzuia. Mnajua kilichofuata. Alitema mpaka machozi.

"Nani ametia chumvi? Yetu unakunywa, unapikia, unabatizia watoto. Hii ni ya nini?"

"Ya kutazama."

"Mali ya kutazama tu," akasema, akijifuta na mkono wa sweta. "Kweli watu wa pwani matajiri."

Nilicheka mpaka buibui likanishuka mabegani. Sikuwa nimecheka hivyo tangu siku mshenga alipokuja.

Bahari ilikuwa imekupwa. Mchanga ulikuwa umelala wazi mbali sana, unang'aa, kaa wadogo wanakimbia upande upande. Mzee akataka kuyafuata maji yalikokwenda.

"Yatarudi lini?"

"Jioni kabisa," nikasema, kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kuona bahari kabla ya siku ile.

Tukaenda. Njiani akaniuliza kama nimeolewa, nami, sijui ni upepo, sijui ni ile raha ya kusema na mtu nisiyemjua, nikaufungua mdomo.

"Mimi bado. Lakini nina rafiki, mwalimu huko Iringa. Ameposwa na kijana wa watu, kijana mzuri, karani Mbeya. Lakini baba wa kijana anasema akishaolewa aache kazi akalime kahawa."

"Na rafiki yako anasemaje?"

"Analia. Anampenda kijana. Lakini darasa nalo, mzee wangu, ndilo maisha yake. Watoto wanaingia hawajui kushika kalamu, wanatoka wanasoma gazeti. Ataachaje?"

"Baba huyo amemwuliza?"

"Hajamwuliza hata neno. Ametuma tu mtu."

Mzee akatikisa kichwa. "Huyo baba mkaidi. Angekuwa kwetu tungemtandika bakora."

"Bakora nyingi," nikasema.

"Za matakoni," akasema yeye, na tukacheka sote wawili kwa afya ya huyo baba.

Wakati huo nikasikia miguu ina baridi. Nikatazama chini. Maji. Nikatazama nyuma. Kati yetu na mji palikuwa na bahari.

"Binti," mzee akasema taratibu, "jioni imefika?"

Hatukufa, maana ninaandika. Lakini maji yalifika magotini, kisha mapajani. Buibui likawa zito kama kondoo aliyelowa, na mzee hakujua kuogelea, wala mimi. Nikamshika mkono. Alinishika naye, kwa nguvu ya mtu aliyelima maisha yake yote. Tukavuka hivyo, yeye akiomba Mungu kwa Kinyakyusa na mimi nikiitikia amina, mpaka tukatupwa kwenye mchanga mkavu, tunahema, tumelowa, tunacheka kama wendawazimu.

Mbele yetu lilisimama jumba la mawe, refu, jeupe, kuta nene zisizo na madirisha chini. Vijana walikuwa wanapasha ngozi kwenye moto wa makuti, wanajaribu mlio.

"Nyumba hii waitaje?" mzee akauliza, akikamua sweta.

"Hii," nikasema, "ni jumba la kale. La Waarabu. Watu walijikinga ndani wakati wa vita."

"Lina jina?"

"Watu huliita jumba la mawe."

"Yule mwenye kofia alituambia jina lake asubuhi. Neno fupi. Limenitoka."

"Hata mimi limenitoka."

"Wewe mwenyeji?"

Nikakohoa. Vijana wakapiga, tu, tu, tu.

"Na kile wanachopiga pale?"

"Kile? Ni... kitu kilichowambwa ngozi."

"Kiswahili yake?"

"Kina majina mengi, mzee. Kinategemea ukubwa."

"Nitajie lile la wote."

Nikamtajia chapuo. Nikamtajia vumi. Nikamtajia msondo. Nilikuwa na maneno, wasomaji, chuo hakikunifundisha bure. Nilizunguka lile neno moja kama mtu anayezunguka shimo, na nilijisifu moyoni kwa jinsi nilivyozunguka vizuri.

Mzee aliacha kukamua sweta. Hakucheka tena.

"Yule rafiki yako," akasema, "mwalimu ya Iringa. Mchumba wake ni ukoo gani?"

"Sijui kuutaja."

"Hujui kuutaja, au huwezi kuutaja?"

Mgongo wangu ulikuwa umeanza kuelewa kabla yangu.

Mzee akanigeuzia kisogo, akaielekea bahari. Kisha akaivuta ile sweta iliyolowa, akaipandisha kichwani, akajifunika uso wote. Akabaki amesimama pale, mfupi, bila kichwa, maji yanamdondoka.

"Tupo," ilikuwa sauti ya Severina, akilifupisha jina langu kama kawaida yake, anakuja mbio kutoka kona ya jumba. "Tupo, kimbia, kofia inakuja."

Kofia ilikuwa nyuma yake hatua chache. Yule mrefu alitupita mimi na Severina kama hatupo. Akasimama mbele ya sweta, akavua kofia, akainama.

"Mzee Mwangomo," akasema, "tumekutafuta mji mzima. Mimi Jailos ningewaambia nini nyumbani, kwamba nimempoteza mtu mkubwa kama wewe?"

Miguu yangu ikaniambia kimbia, lakini buibui lililolowa likakataa. Nikafanya lililowezekana. Nikachuchumaa, uso ukutani, pua kwenye chokaa.

Tafadhali tuoneni. Mkwe anatazama Bara Hindi kwa ndani ya sweta. Mkaza mwana ananusa ukuta. Katikati, Severina, mdomo wazi, na Jailos, kofia kifuani kama mtu aliye mazishini.

Nikahesabu madhambi yangu. Nimemtazama. Nimemdanganya. Nimemnywesha chumvi na nusura nimzamishe. Nimemshika mkono, ambao mwali haushiki hata mkwe akiwa amelala mautini. Na nimemsengenya masikioni mwake mwenyewe.

"Kuna binti mwingine hapo?" sweta ikauliza.

"Nipo, mzee," Severina akasema. "Severina. Mimi ni Mhehe, mimi unaweza kunitazama."

"Sitaki kutazama mtu leo. Mwambie huyo aliye ukutani. Mwambie nimejua ni nani. Mtu wa Bagamoyo hana sababu ya kuogopa lile neno. Mwenye sababu ni mmoja tu, na ng'ombe wangu wako kwa baba yake."

Severina akanigeukia. "Anasema..."

"Nimesikia."

"Mwambie ametaka nipigwe bakora."

Hapo nilisahau adabu. "Severina, mwambie mzee, bakora ameitaja mwenyewe. Mimi niliongeza idadi tu."

Sweta ikatikisika. Kicheko au hasira, sufu haikuonyesha.

"Mwambie," akaendelea, na sauti sasa ilikuwa ya chini, "ni kweli mimi nilisema aache chaki. Sikusema kwa kuchukia shule. Isakwisa nilimsomesha mimi. Lakini mwalimu kazi yake ni kusema kila neno, kwa sauti, mbele ya watoto wa watu. Mke wa nyumba yangu ana neno hasemi. Nikajiuliza, atafanyaje? Atawaibia watoto neno, au ataniibia mimi heshima? Nikaona heri asiingie kwenye taabu hiyo."

Jailos alitazama kofia yake.

Wasomaji, nimekuja Bagamoyo nikijua mkwe wangu ni ukuta. Sasa ukuta ulikuwa umesema, na ulikuwa na sababu, na sababu yenyewe nilikuwa nimeithibitisha mimi kwa mdomo wangu. Mtoto wangu wa darasa la kwanza akinionyesha picha ya kile kitu, nitamwambia nini? Chapuo? Vumi? Kinategemea ukubwa?

"Mwambie kesho kutwa lori letu linapita Iringa," sweta ikasema. "Nitashuka kwa baba yake. Nataka nijue la kusema nikifika pale. Kama ni chaki, basi alitaje jina la nyumba hii, hapa, nisikie. Akinyamaza, nitajua ameichagua nyumba yangu, na neno langu kwa mshenga linabaki kama lilivyo."

"Na akitaja?" Severina akauliza. Mhehe wangu huyo, Mungu ambariki. "Akitaja, posa imekufa?"

"Sikusema imekufa."

"Lakini hukusema iko hai."

"Nimesema nataka kusikia," akajibu.

Lori likapiga honi mtaani. Vijana wakaacha kupiga. Hata kaa, nadhani, walisimama.

Mdomoni mwangu lilikuwepo neno lenye silabi mbili. Nikilitoa, Isakwisa anaweza kuwa amekwenda. Nikilimeza, darasa limekwenda. Na mtu anayelisubiri ni yule yule aliyenishika mkono ndani ya maji akasema, usiogope mwanangu, tukifa tumekufa machoni pa watu.

"Tupo," Severina akanong'ona, "sema kitu. Chochote."

"Mzee, gari," Jailos akasema.

"Lingoje."

Nikasimama. Buibui lilinivuta chini, nikalivua, likaanguka mchangani kwa kishindo. Nikaupa ukuta kisogo. Nikautazama ule mgongo mfupi uliolowa, ambao sheria yote ya kwetu inasema nisiutazame.

"Mzee," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. "Acha kumwambia Severina. Niambie mimi."

Sweta ikaanza kushuka. Yaliyofuata, Jumamosi ijayo.